Fukuto la Ukomo wa Hedhi: Namna ya Kulitambua, Kulituliza na Kulitafutia Tiba

Nikiwa na miaka 49 nilimeza dawa za malaria mara tatu ndani ya miezi minne. Mara ya kwanza nilikuwa na malaria kweli: baridi, kichwa, viungo, kutapika. Mara ya pili na ya tatu nilikwenda kliniki kwa sababu usiku nilikuwa naamka shuka limelowa, na mchana, nikiwa nimekaa kibandani pangu katika soko la Owino, Kampala, nauza vitenge, joto lilinipanda kutoka kifuani hadi utosini kana kwamba mtu amefunua sufuria ya matoke mbele ya uso wangu. Kipimo kikasema malaria. Nikameza dawa, joto likarudi. Mara ya nne nilimkuta muuguzi wa makamo, akanitazama nikijipepea kwa daftari la matibabu, akaniuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Mama, mara ya mwisho kuona siku zako ilikuwa lini?"

Ilibidi nihesabu kwa vidole. Miezi mitano, kama si sita.

Nimekulia katika kambi ya polisi ya Nsambya, ambako watoto wa Waacholi, Wateso, Wagishu na Walugbara tulilelewa kwa Kiswahili kimoja. Nilipoolewa, shangazi wa upande wa mume, yule ambaye Waganda humwita ssenga, alinikalisha chini akanifundisha mengi kuhusu ndoa na uzazi. Juu ya siku hedhi itakapokoma hakusema neno, na nadhani naye hakuna aliyemwambia. Hatua zifuatazo ndizo nilizotamani kupewa wakati ule. Nimezipanga kwa mfuatano niliojifunza ni wa lazima: kwanza ujue fukuto, yaani joto hili la ghafla la ukomo wa hedhi, ni nini, kisha ulihesabu, kisha ulipunguze nyumbani, na likikushinda ulipeleke hospitalini bila aibu.

Hatua ya 1: Lijue fukuto linavyokuja

Fukuto huanza ghafla, mara nyingi kifuani, shingoni au usoni, kisha husambaa. Moyo huenda mbio, jasho hutoka, na wengine hupatwa na wasiwasi sekunde chache kabla joto halijafika, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa gizani. Huchukua dakika moja hadi tano hivi. Likipita huacha baridi na uchovu. Maelezo mengi yanasema uso huwa mwekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani, kwa hiyo usingoje mtu akuambie kuwa umebadilika. Wewe ndiye shahidi pekee.

Chanzo chake ni kupungua kwa homoni ya estrojeni inayotengenezwa na ovari. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi, ambayo husimamia joto la mwili. Ifikirie kama askari wa getini. Askari mtulivu huwaacha watu wa kawaida wapite. Estrojeni ikishuka, askari huyu huwa na hofu, na kila kivuli anakipulizia filimbi. Joto la mwili likipanda kidogo tu, kiasi ambacho zamani usingekihisi, ubongo huamua kwamba mwili unaungua, hufungua mishipa ya damu iliyo chini ya ngozi na kuamuru jasho limwagike. Ndiyo maana unahisi unaungua ilhali kipima joto hakionyeshi homa. Neno hilo la kipima joto lishike, tutalirudia.

Wanawake wengi hufikia ukomo wa hedhi kati ya miaka 45 na 55. Ukomo wenyewe huhesabiwa ukitimiza miezi 12 mfululizo bila kuona damu, lakini fukuto linaweza kuanza miaka kadhaa kabla, wakati hedhi bado inakuja kwa kurukaruka. Aliyetolewa ovari zote mbili kwa upasuaji huweza kuanza ndani ya siku chache, na kwa ukali. Na mwanamke ambaye hajafika miaka 40 akiona dalili hizi amwone daktari mapema, maana mifupa na moyo wake vitakaa miaka mingi bila homoni hiyo.

Litadumu kwa muda gani? Hapa nitasema ukweli hata kama si mtamu, kwa sababu wengi wetu tunaambiwa ni jambo la miezi sita. Kule Marekani kuna utafiti uitwao SWAN uliowafuata wanawake wa rangi mbalimbali kwa miaka mingi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba kwa wanawake waliopata fukuto la mara kwa mara, nusu yao walikaa nalo zaidi ya miaka 7.4. Kwa wenye asili ya Afrika ilikuwa miaka 10.1. Hilo likuamulie mapema: hili si jambo la kuvumilia kwa meno mpaka lipite.

Hatua ya 2: Hakikisha si ugonjwa mwingine

Hatua hii nitaikalia, kwa sababu ndiyo inayotuponza hapa kwetu. Uganda ni nchi ya malaria, na tumezoea kwamba joto lolote ni malaria. Mazoea hayo yameokoa watoto wengi na siyabezi. Lakini mwanamke wa miaka 48 yanaweza kumzungusha mwaka mzima, na hela za ada zikaishia duka la dawa.

Nunua kipima joto. Fukuto likianza, kiweke kwapani na usubiri kilie. Homa huhesabiwa kuanzia nyuzi 37.5 kwapani. Kama namba haijafika hapo, andika na uendelee na kazi. Kama imefika au imezidi, nenda kapimwe damu siku hiyo hiyo. Kwenye vituo vya afya vya serikali kipimo cha malaria hakilipiwi. Kiganja cha jirani kwenye paji la uso si kipimo. Lakini kumbuka kwamba homa ya malaria huja na kuondoka, hivyo ukiwa na kichwa kinachouma, viungo kuvunjika au kutapika, pimwa damu hata kama kipima joto kimenyamaza.

Kuna jambo ambalo lingenisaidia sana kulijua. Kile kipimo cha haraka cha tone la damu kidoleni hutafuta protini inayotolewa na kimelea, na protini hiyo inaweza kubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya malaria yenyewe kupona. Naamini ndicho kilichonipata: malaria ya kwanza iliacha alama, na kila nilipokwenda na joto langu la ukomo wa hedhi, alama ile ikajibu ndiyo. Ikiwa umetibiwa malaria mwezi huu au uliopita na joto limerudi, sema hivyo waziwazi na uombe damu itazamwe kwa hadubini.

Kifua kikuu nacho huleta jasho la usiku. Ukiwa na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, nguo zinazokulegea bila sababu, au homa ya jioni jioni, nenda ukapimwe makohozi hata kama hedhi yako imekoma na una hakika na fukuto. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Anayeishi na VVU asisubiri hizo wiki mbili. Kikohozi chochote kinatosha kumpeleka.

Mengine nitayapitia haraka. Ukikonda ingawa unakula, mikono ikatetemeka na joto likawa la kutwa nzima badala ya kuja na kupita, omba tezi ya shingo ichunguzwe. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge akitoka jasho la baridi huku akitetemeka na kuhisi njaa, sukari yake huenda imeshuka: anywe kitu chenye sukari kwanza, maswali baadaye. Baadhi ya dawa za presha, kama nifedipine na amlodipine, huweza kuleta joto usoni. Usiziache mwenyewe, mwulize aliyekuandikia. Maumivu ya kifua yanayobana, yanayokwenda mkononi au tayani, au kuishiwa pumzi, hayo si fukuto. Nenda hospitali sasa hivi.

Na mimba. Mwanamke wa miaka 46 aliyekosa hedhi miezi miwili apime mimba kabla ya kujitangazia kwamba amemaliza. Nasema kwa uzito: nimeona mtoto aliyezaliwa kwa mama aliyekuwa amegawa nguo zote za watoto.

Hatua ya 3: Fungua daftari

Chukua daftari la shule la bei ndogo kabisa. Chora safu nne: saa, ukali kwa alama 1 hadi 3, ulikuwa unafanya au umekula nini, na kama lilikuamsha au kukusimamisha kazi. Andika kila fukuto kwa wiki mbili. Chini ya ukurasa weka tarehe za hedhi kama bado inakuja.

Kazi hii inaonekana ya kitoto, nami niliidharau. Lakini wiki mbili zilipokwisha niliona kitu nisichowahi kukiona kichwani: mafukuto 11 kwa siku kwa wastani, na mengi yamejipanga katika nyakati tatu. Saa kumi jioni, baada ya chai ya maziwa ya moto. Saa moja usiku, nimeinama mbele ya sigiri. Saa nane usiku, kitandani. Kabla ya daftari nilikuwa nasema "linanijia wakati wowote." Halikuwa linakuja wakati wowote.

Faida ya pili utaiona kwenye chumba cha daktari. Kule foleni ni ndefu na dakika ni chache. Ukisema "nasikia joto" utapewa Panadol na kipimo cha malaria. Ukifungua ukurasa ukasema "mara 11 kwa siku, mara 3 usiku, kipima joto hakijawahi kupita 37, hedhi ya mwisho Machi," mazungumzo yanakuwa mengine.

Hatua ya 4: Fukuto likianza

Acha unachofanya ikiwezekana. Legeza kilicho shingoni na kiunoni. Kitambaa chenye maji weka nyuma ya shingo, au mwagia viganja na vifundo vya mikono. Kunywa maji mafunda machache. Vuta pumzi kwa puani ukihesabu polepole hadi nne, itoe ukihesabu hadi sita, uendelee hivyo mpaka lipite. Pumzi hizi hazipunguzi idadi ya mafukuto, ila zinaondoa ile hofu inayoyafanya yaonekane marefu kuliko yalivyo.

Kwenye taksi kaa dirishani. Kwenye mkoba weka chupa ya maji, leso ndogo na upepeo wa ukindu, ule unaokunjika.

Hatua ya 5: Panga usiku upya

Mchana fukuto linaudhi, usiku linavunja. Mwanamke anayeamshwa mara tatu au nne kila usiku kwa miezi anasahau, anakasirika haraka, na watu wa nyumbani wanaanza kusema mama amebadilika tabia. Ukiwa na nguvu ya kurekebisha kitu kimoja tu, rekebisha chumba cha kulala.

Anza na godoro. Wengi wetu tunaliacha ndani ya nailoni lililotoka nayo dukani ili lisichafuke. Nailoni hiyo haipitishi hewa, na unalala juu ya joto lako mwenyewe. Itoe. Kama unaogopa jasho kuingia kwenye sponji, tandika blanketi jembamba la pamba kisha shuka juu yake, vyote viwili vinafulika.

Pili, blanketi. Usiku wa Kampala huwa na ubaridi, na lile moja zito lenye manyoya linakuweka katika mambo mawili tu: kuungua au kuganda. Tumia vipande viwili au vitatu vyembamba, shuka, leso na blanketi jepesi, uwe unaondoa na kurudisha kimoja kimoja bila kuamka sana. Weka leso kavu na gauni jepesi la ziada karibu na mto, upande uleule kila siku, ili mkono uvipate gizani. Beseni dogo la maji na kitambaa liwe chini ya kitanda. Kuoga maji ya uvuguvugu kabla ya kulala kunasaidia. Ya moto sana yataliamsha fukuto.

Tatu, chandarua. Najua hamu ya kukitupa. Usiku mmoja nilikitoa kwa hasira nikalala wazi, na mbu walinipata vizuri. Usikiache. Fukuto halijawahi kuua mtu kitandani na malaria inaua. Kiinue juu na kukitanua: chandarua cha pembe nne kinachofungwa kwenye kona za chumba huacha nafasi ya hewa kuliko kile cha duara kinachokuangukia usoni. Dirisha likiwa na wavu wa waya, acha upande mmoja wazi.

Mkilala wawili, kila mmoja awe na shuka lake. Mume wangu aliona hilo kama dalili ya kununiwa mpaka nilipomwonyesha ukurasa wa daftari wa saa nane usiku.

Hatua ya 6: Chagua nguo kwa kitambaa chake

Hapa niko dukani kwangu. Sehemu kubwa ya vitenge vinavyong'aa sokoni si pamba, ingawa muuzaji atakuapia. Vuta uzi mmoja kwenye ukingo, uwashe kwa kiberiti ukiwa mbali na nguo. Pamba huungua kama karatasi, hunuka kama karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Unaponunua nguo ya kazini au ya kulalia, taka jivu.

Gomesi ni habari nyingine. Ni vazi la heshima la wanawake wa huku Uganda, na siwezi kumwambia mwanamke aende kwenye kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba, bila hilo. Lakini mita zile zote za kitambaa, mshipi kiunoni, na kikoi kizito chini yake kushikilia umbo, chini ya hema la turubai saa nane mchana? Mwambie fundi akushonee moja la pamba. Ndani badala ya kikoi kizito tumia kipande chembamba cha pamba kilichofungwa mara moja. Vaa kivesti cha pamba kisicho na mikono kinyonye jasho kabla halijafika kwenye vazi lenyewe. Na ukifika, kaa pembeni mwa hema, si katikati. Kusimama kidogo nje hakumvunjii mtu heshima.

Hatua ya 7: Jikoni

Chai ya moto, pilipili, waragi na pombe nyingine, sigara: hivi huwaamshia baadhi ya wanawake fukuto na wengine haviwafanyi kitu. Usiache vyote kwa mkumbo. Angalia daftari lako, acha kimoja kwa wiki, tazama. Mimi chai sijaiacha, naiacha ipoe. Sigiri nimeihamishia barazani na napika nimekaa kando ya upepo. Mwenye uzito uliozidi akipungua, mara nyingi fukuto nalo hupungua.

Uji wa soya unasifiwa sana kwa sababu soya ina kemikali inayofanana kidogo na estrojeni. Matokeo ya tafiti yanapingana. Ni chakula kizuri, kinywe kwa sababu hiyo, usikitegemee kama dawa. Mukene, yaani dagaa, na dodo, yaani mchicha, viwe sahanini kila wiki kwa ajili ya mifupa, ambayo hupoteza nguvu haraka estrojeni ikiisha.

Hatua ya 8: Waambie watu wako

Chagua mtu mmoja nyumbani na mmoja kazini. Sema maneno machache: hedhi yangu inakoma, mwili unapandisha joto kwa dakika chache kisha linapita, sihitaji kitu ila nafasi na maji. Usipolisema, watu watalijaza wenyewe. Nimesikia wakisema ni presha, ni kurogwa, ni damu chafu iliyokwama tumboni kwa kuwa haitoki tena. Damu haikwami popote. Ukuta wa mji wa mimba hauoti tena kama zamani, kwa hiyo hakuna cha kutoka.

Hatua ya 9: Nenda hospitalini, na ujue cha kuomba

Ukiwa umefanya hayo yote kwa mwezi mmoja au miwili na bado hulali, nenda. Kuna tiba, na hili ndilo jambo ninalotaka kila mama alisikie. Tumeambiwa kwamba ni hali ya kawaida, kwa hiyo haina dawa. Uchungu wa uzazi nao ni wa kawaida, na hakuna anayetuambia tukajifungulie peke yetu.

Kituo cha afya cha ngazi ya III watakupima malaria, presha, sukari na mimba. Kwa dawa zenyewe utahitaji daktari, yaani ngazi ya IV kwenda juu, hospitali ya rufaa ya mkoa, au daktari wa magonjwa ya wanawake. Kampala kuna hospitali maalumu ya wanawake pale Mulago, iliyofunguliwa mwaka 2018. Nenda na daftari, na orodha ya dawa zote unazomeza.

Tiba yenye nguvu kuliko zote ni ya homoni: kurudisha estrojeni kidogo kwa kidonge, kwa bandiko la ngozi au kwa jeli. Hupunguza mafukuto kwa takribani robo tatu. Mwenye mji wa mimba lazima apewe pamoja nayo homoni ya pili, projesteroni au ndugu yake, kuulinda mji huo dhidi ya saratani. Asikubali estrojeni peke yake. Wakati mzuri wa kuanza ni kabla ya miaka 60, au ndani ya miaka 10 tangu hedhi ikome.

Hofu iliyopo ilitoka kwenye utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2002. Kwa wanawake waliotumia homoni mbili kwa pamoja, saratani ya matiti ilionekana kwa 38 kati ya kila 10,000 kwa mwaka, wakati kwa wasiotumia ilikuwa 30. Hatari ipo, na ni hiyo nane. Wengi wa wanawake wale walikuwa wamepita miaka 60, mbali na umri ambao fukuto huanza. Nimetaja namba ili uzipime mwenyewe na daktari wako badala ya kutishwa na uvumi.

Asitumie homoni aliyewahi kuwa na saratani ya matiti, damu kuganda mguuni au kwenye mapafu, kiharusi, ugonjwa wa moyo, ini linaloumwa, au anayetokwa damu ukeni bila sababu kujulikana. Anayemeza ARV au dawa za kifua kikuu alitaje hilo kabla ya yote: rifampicin na baadhi ya ARV kama efavirenz hupunguza homoni mwilini mpaka isifanye kazi.

Kwa wasioweza kutumia homoni zipo dawa nyingine, na daktari asikuondoe mikono mitupu. Venlafaxine na paroxetine ni dawa za sonona ambazo kwa dozi ndogo hutuliza fukuto. Ukipewa haina maana kwamba umeonekana mgonjwa wa akili. Anayetumia tamoxifen kwa ajili ya saratani ya matiti asipewe paroxetine, kwa sababu huidhoofisha tamoxifen. Gabapentin, inayojulikana kwa kifafa na maumivu ya neva, husaidia hasa usiku. Oxybutynin, ya kibofu, nayo husaidia. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha fezolinetant, inayokwenda moja kwa moja kwenye ile sehemu ya ubongo ya askari wetu wa getini. Inahitaji ini kupimwa. Mazungumzo na mshauri aliyefunzwa pia yamethibitika kupunguza usumbufu, hata pale idadi inapobaki ileile.

Mimi niliwahi kuganda damu mguuni baada ya uzazi wangu wa tatu, hivyo homoni hazikunifaa. Nilianzishiwa gabapentin usiku. Wiki ya kwanza nilikuwa na kizunguzungu asubuhi, nikawa napanda taksi badala ya boda mpaka kikaisha.

Dawa za majani na zile chupa zinazotangazwa redioni na kuuzwa ndani ya mabasi ziogope. Dawa halali zimesajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Dawa, na mfamasia mwenye leseni atakuonyesha. Chupa isiyoandikwa kilichomo inaweza kuwa na homoni ndani yake, na kama una damu inayoganda kama mimi, hutajua ulichomeza.

Hatua ya 10: Yaliyobaki ya kuangalia

Kinga ya mimba iendelee. Uliyefikisha miaka 50 endelea mwaka mmoja baada ya hedhi ya mwisho. Chini ya 50, miaka miwili. Aliye kwenye sindano ya uzazi wa mpango asihesabu kwa hedhi, kwa sababu sindano yenyewe huweza kuisimamisha.

Damu ikitoka tena baada ya miezi 12 mikavu, hata tone, usifurahi kwamba ujana umerudi na usingoje ya pili. Nenda wiki hiyo hiyo. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Uganda, na inapimwa. Kama hujawahi kupimwa, omba kipimo hicho siku hiyo hiyo unayopeleka habari za fukuto.

Ukianza dawa, endelea na daftari. Baada ya miezi mitatu rudi na kurasa mbili, ya kabla na ya baada, muamue na daktari kuongeza, kubadilisha au kuacha. Yangu ya mwezi wa tatu inaonyesha mafukuto manne kwa siku. Moja ni la usiku. Mawili bado yananikuta mbele ya sigiri.